Mlango wa Mjomba Kipkemboi

Mjomba wangu Kipkemboi hangeweza kuona mawe mawili yamelala karibu asiyapandishe moja juu ya jingine. Mwaka wa 1954 alikuwa mchungaji katika shamba la mzungu, upande wa magharibi wa ziwa Naivasha, na kila alikopeleka ng'ombe aliacha kibanda cha mawe na magogo. Wenzake walimcheka mpaka mvua ilipokuja, kisha wote wakajibana ndani wakimwomba asogee.

Mwaka huo alikuwa na sababu ya kujenga. Mkewe, Cheptanui, alikuwa kwao Keringet. Walikuwa wameoana kwa mila zote, lakini alipokuja na kuona laini ya wafanyakazi, vyumba vimeshikana hata jirani akikohoa unamwambia pole, alirudi kwa mama yake. Alituma neno kwamba atakuja mara moja tena, na asipokuta nyumba ya kukaa mtu, asifuatwe. Mjomba alimpenda mno mke huyo, na hakuona haya kusema.

Miaka hiyo ziwa lilikuwa limerudi nyuma na kuacha magogo meupe ufuoni. Mzungu alimruhusu ajenge huko mradi ng'ombe wasipotee. Kila asubuhi, kabla ya malisho, mjomba alipanga mawe makubwa chini na madogo juu, na kila ufa akaupigilia kijiwe, bila tope wala msumari. Mawe meusi ya huko hukata kama wembe. Miezi miwili vidole vyake vilifungwa vitambaa. Juu akalaza magogo na kuezeka matete. Mimi niliiona nyumba hiyo baadaye, na nasema ilikuwa nzuri.

Ila mlango. Kwetu mlango wa nyumba huelekea jua linakotokea, na mjomba aliuweka huko bila kufikiri. Mashariki ya pale ni ziwa tupu, na upepo wake huamka kila alasiri. Yeye alasiri zote alikuwa malishoni. Hakuwahi kukaa ndani saa hiyo hata siku moja.

Cheptanui alifika Jumamosi saa nane mchana, na kaka yake Kiplangat, wa kumrudisha ikibidi. Aliizunguka nyumba, akausukuma ukuta kwa bega. Haukutikisika. Mjomba akaanza kutabasamu. Cheptanui akaingia, akawasha moto wa chai.

Ndipo upepo ulipokuja. Majivu yaliingia kwenye maziwa, moshi ukajaa, Kiplangat akatoka akikohoa. Cheptanui alitoka wa mwisho, kope zake nyeupe. Mjomba alisema atageuza mlango uangalie milima ya Mau, upande wa magharibi, jioni hiyo hiyo. Kiplangat akakataa katakata: dada yake hatalala katika nyumba iliyoligeuzia jua mgongo. Mjomba akaketi juu ya jiwe.

"Basi nimeshindwa," akamwambia mkewe. "Mimi nilitaka tu ukae."

Cheptanui alijifunga leso kiunoni, akashuka ufuoni. Kiplangat aliona mambo yamekwisha, akajitwika mzigo wa dada yake tayari kwa safari.

Cheptanui akarudi akiburuta gogo kwa mzizi wake. Akalilaza hatua tatu mbele ya mlango.

"Ukuta mwingine hapa, ufike kifuani," akasema. "Jua litapita juu, upepo utagonga hapa, na sisi tutaingilia kando. Kiplangat, weka huo mzigo ndani. Halafu lete mawe."

Kiplangat alichanwa vidole vitatu na mawe kabla ya jua kuzama, na alilalamika kwa kila kimoja. Mjomba alikuwa bado ameketi juu ya lile jiwe, machozi yakimtoka mbele ya shemeji yake, jambo ambalo kwetu mwanamume hafanyi. Alipoulizwa, alisema ni majivu. Kiplangat, ambaye hakuwa mwepesi wa kuelewa mambo, akamwambia aoshe macho.