Shangazi na Rundo la Mboji

Kikundi chetu cha wakulima pale Nyegina kilipoachana na mbolea ya dukani, kila nyumba ilitakiwa iwe na rundo la mboji. La kwetu tulilipanga kando ya nyumba: majani makavu, kinyesi cha mbuzi, majivu na udongo, juu tukafunika kwa majani ya migomba. Katikati tulichomeka kijiti, ili tukikichomoa tujue kama ndani kuna joto. Lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, ila hakuna aliyeliona hivyo mpaka Shangazi alipokuja kutoka Butiama.

Simu ya Bibi, mama yake, ilikuwa imezimika siku kadhaa kwa kukosa chaji. Na Shangazi si mtu wa kuuliza kwanza. Aliona rundo na kijiti chake, akatupa mkoba, akaanguka chini analia. Aliomba msamaha kwa kutokuja kumwona mama yake. Alitaja viazi alivyotumiwa kila msimu bila kusema asante.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anachagua mbegu za mtama. Nilimkimbilia, akanionyesha kwa kidole ninyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatokea na ungo wake.

“Inuka. Mbona ukijaga huwa husemi hayo?” alisema. “Na hiyo ni mboji.”

Bibi alipofariki kweli, Shangazi alikaa kimya pembeni ya kaburi. Majirani walimsema sana. Sisi wa nyumbani tulijua mama yake alishayasikia yote.