Ukuta wa Mamkubwa

Mpaka leo nikifumba macho nausikia mchi wa mama ukigonga ukuta wa jikoni. Hakuwa akitwanga, alikuwa akiita. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na upande wa pili alikaa jirani yetu, mjane kama mama, ambaye nimekua nikimwita mamkubwa ingawa hatuna damu moja. Mama akigonga polepole, chai iko tayari. Akigonga mfululizo, njoo mbio. Mamkubwa naye hujibu kwa kugonga upande wake, kisha utasikia ndara zake zaja uchochoroni, maneno yamemtangulia: "Nimesikia! Wataka kunivunjia nyumba?"

Ukuta ule ndio ulionipa ruhusa ya kusafiri. Mama alikuwa na presha, nami ndiye mtoto wake wa pekee. Nilipopata kazi ya kupaka hena kwenye saluni moja huko Doha nilirukaruka kama mtoto siku ya Idi, kisha nikakaa nikalia. Nani atamtazama?

"Walia nini?" mama akaniuliza. "Nina ukuta wangu. Nikiugua, nagonga."

"Na mamkubwa akiwa amelala?"

"Yule? Hata akiwa kaburini atajibu, kwa ule ubishi wake."

Tukacheka. Nikaenda.

Huko tajiri wa saluni alinipa hiari: nikae na wasichana wenzangu kwenye jengo la wafanyakazi, mbali na mji, au nichukue kijichumba kwenye fleti karibu na kazi. Moyo wangu ulikuwa kwenye kijichumba. Kilikuwa na dirisha! Nilishajiona nimetundika pazia, nimepanda mrehani ndani ya kopo. Nikampigia mama simu ya video, nikamzungusha kila pembe.

"Dirisha nimeliona," akasema. "Jirani ni nani?"

"Sijui, mama."

"Mtu hachagui nyumba, huchagua jirani. Hebu gonga ukuta nisikie."

Nikagonga. Ukalia kama boksi tupu.

"Huo si ukuta, mwanangu, hiyo ni karatasi." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini alhamdulillahi, watakusikia."

Basi nikakichukua. Haukupita muda homa ikanishika, kichwa chawanga, hata kuinuka kuteka maji siwezi. Nikagonga vile nilivyojifunza kwetu. Hakuja mtu. Asubuhi mlinzi wa jengo alinibishia mlango: jirani amelalamika, nikirudia zile kelele nitahamishwa. Nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nishafikiria chai gani nitampikia akija. Mama sikumwambia. Nilimwambia jirani ni mtu mwema, ana watoto wazuri.

Kumbe mama naye alikuwa na lake analonificha. Kabla sijapanda ndege, mamkubwa alikuwa ameshaitwa na mwanawe akakae kwake Ganjoni, kwa kuwa magoti hayaziwezi tena ngazi zetu. Alihama mara tu nilipoondoka. Nyumba yake ikakodishwa na wauza vinyago wa pale Ngome ya Yesu, wakaifanya stoo. Nami kila nikipiga simu huuliza, "Mamkubwa hajambo?" Mama hujibu, "Hajambo. Leo pia ameniamkia na maneno yake."

Siku aliyonipigia mamkubwa mwenyewe, nilikuwa kazini, mbele yangu bibi harusi, mkono mmoja nimeshamchora.

"Mwanangu, u wima? Kaa kitako."

Nikakaa. Akaniambia mama amekutwa jikoni, chini, ameshatangulia. Simu yake ilikuwa ghorofani, kwenye chaji. Nikarudi nikamchora bibi harusi mkono wa pili, maua yakatoka mazuri tu. Sijui mikono yangu ilitoa wapi nguvu zile.

Nilifika keshazikwa. Mamkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka wa matanga, akanivuta kifuani.

"Aliniapisha nisikwambie," akasema. "Alisema ukijua nahama hutokwenda, na yeye hataki kuwa mnyororo wa mguu wako."

"Hukukosa, mamkubwa."

"Ningekuwapo ningesikia." Akajipangusa macho kwa ncha ya buibui. "Mie yule nilikuwa namsikia hata akinuna."

Watu walipotawanyika niliingia jikoni. Chakula cha matanga kilipikwa uani, humu hamkuwa mmeguswa. Mchi ulikuwa sakafuni. Ukutani palikuwa na lile bonde tulilolizoea, la miaka mingi, usawa wa bega la mama, limekuwa laini kama kikombe. Lakini chini yake palikuwa na mengine, mapya, meupe, moja chini ya jingine, yanashuka mpaka karibu na sakafu. Mkono ulikuwa umekwenda ulikozoea kwenda. Na upande wa pili, vinyago vimejipanga, na masikio yao ya kuchongwa.

Chokaa iliyobanduka ilikuwa bado pale chini. Nikachutama, nikaizoa kwa kiganja mpaka chembe ya mwisho, nikaifunga kwenye pembe ya leso yake.