Hoja ya Kamishna Haugstad

Orrin Haugstad alikula staftahi peke yake, na si kwa kukosa wenzake. Wenzake walikuwepo ukumbini mwa hoteli, kila mmoja na meza yake, kama ndugu waliogombania urithi. Tume ya samaki na wanyamapori ya jimbo lao ina makamishna saba. Wanne wakikaa meza moja, sheria inasema huo ni mkutano, na mkutano lazima umma utangaziwe. Wawili wangeweza kukaa pamoja, ila mwanasheria wa tume alikwisha waonya kwamba wawili humvuta wa tatu, na wa tatu huvuta kesi. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka sabini na mbili, aliyeendesha pikapu kwa muda wa saa nne kuvuka mlima, alibaki kutazamana na mayai yake. Lyle Garrity, kamishna mwenzake aliyewinda naye tangu ndevu zao zikiwa nyeusi, alimpungia mkono kutoka karibu na mlango wa jikoni.

"Orrin! Sheria inaniruhusu nikuombe chumvi?"

"Niandikie barua. Na nakala kwa mwanasheria."

"Hujambo lakini?"

"Hilo nalo ni swali la kikao cha wazi, bwana."

Wahudumu walicheka. Orrin hakucheka sana. Zamani tume ilikutana katika jumba la wafugaji, makamishna wakala nyama ya kulungu kutoka sufuria moja na wananchi, wakazozana mpaka wakaelewana. Siku hizi watu hawaelewani kwa sababu ni marufuku kuzungumza.

Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa Bonde la Tolliver. Shule aliiacha baba yake alipovunjika mgongo. Mengine aliyajua kwa kusoma mwenyewe wakati wa baridi, wakati ng'ombe wanakula nyasi kavu na mtu hana pa kwenda. Ukamishna hauna mshahara, na hakuutaka kwa heshima. Aliuomba kwa jambo moja tu, na bonde zima lililijua: kituo cha njia panda ya Tolliver.

Kilikuwa kibanda cha mbao chenye jiko la chuma na meza ndefu nje. Kwa miaka sitini, kila mwindaji aliyeshuka milimani na mnyama alisimama pale, maana ndiyo ilikuwa sheria. Mtaalamu wa wanyama alifungua mdomo wa kulungu kwa kipande cha chuma, akamulika tochi, akasoma umri kwenye meno ya nyuma: jinsi ile rangi ya hudhurungi katikati ya jino ilivyopanuka na ile nyeupe ya pembeni ilivyolika. Wendell Kuykendall alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, hadi alipofariki. Alikuwa akisema, "Huyu ana miaka minne na nusu, na mwaka juzi alishinda njaa," na hakuna aliyembishia. Watu walikunywa kahawa, wakadanganyana kuhusu shabaha zao, wakaulizana habari za wagonjwa. Mlima ulikuwa na afya au hauna, ungejua pale mezani.

Wakubwa wa ofisi makao makuu walikitaka kife. Mwindaji apige simu tu, walisema, abonyeze namba. Mara mbili walilileta pendekezo hilo mbele ya tume, na mara mbili Orrin aliliangusha. Wananchi walikuja kwa magari, kila mmoja akapewa dakika zake tatu na taa nyekundu ya kumkatiza, na Orrin akamalizia kwa hotuba iliyowafanya makamishna wa mjini watazame viatu vyao. Aliporudi mara ya pili, mwenye duka la chakula cha mifugo, bibi mmoja aitwaye Arlys Tveit, alimshika kola.

"Umetupigania, Orrin. Lakini nakwambia mapema: siku kile kibanda kikifungwa na wewe umekaa kwenye kile kiti, hapa dukani utanunua chumvi kama mgeni."

"Hakitafungwa mimi nikiwa hai, Arlys."

"Wanaume mnapenda kuapa. Beba gunia lako uende."

Asubuhi ile ya hoteli, basi, kichwa chake kilikuwa kwenye jambo jingine, idadi ya samaki wa kuvua katika maziwa ya kaskazini, kwa kuwa ndilo lililoandikwa kubwa kwenye tangazo. Makabrasha ya kikao yalikuwa kurasa mia nne na kumi. Alisoma kwa siku mbili usiku, akayapigia mistari yale ya samaki, akaandika maswali pembeni kwa penseli.

Kikao kilianza. Mwenyekiti, Bi. Priscilla Vandermolen, alikuwa mwanamke mpole aliyejua kumnyima mtu kitu huku akimshukuru.

"Tunaanza na orodha ya mambo yasiyo na ubishi," alisema. "Yako ishirini na mawili. Kama kuna kamishna anayetaka jambo lolote litolewe lijadiliwe peke yake, aseme sasa."

Hakuna aliyetaka. Ndivyo orodha ile ilivyo. Humo huingizwa kumbukumbu za kikao kilichopita, kukodisha ghala, jina jipya la bwawa, na yote hupitishwa kwa mkupuo mmoja kabla kahawa haijapoa.

"Nani atatoa hoja tuipitishe?"

Makamishna waliinamia karatasi. Garrity akamchokoza Orrin kwa kiwiko. "Toa wewe, mzee. Miaka mitatu kazi yako kupinga tu. Wanadhani hujui neno 'ndiyo'."

Orrin akakivuta kipaza sauti. "Natoa hoja orodha ipitishwe."

"Ajabu ya mwaka!" alisema kamishna mmoja, na ukumbi ukapiga makofi. Garrity akaunga mkono. Saba kwa sifuri. Orrin mwenyewe alitabasamu, akaona kwamba hata mambo haya yana raha yake mtu akijilegeza.

Wakati wa chakula cha mchana alikutana kwenye ngazi na Britta Sandoe, binti aliyechukua nafasi ya Wendell. Alikuwa na macho mekundu.

"Asante kwa ustaarabu wako, Kamishna," alisema. "Nilidhani utapigana. Labda umeona mbali kuliko sisi."

"Nipigane na nini, binti yangu?"

Britta alimtazama, akadhani anamtania. Kisha akafungua kabrasha lake na kumwekea kidole. Namba kumi na nne: Marekebisho ya utaratibu wa ukusanyaji wa takwimu za mavuno, kanda ya tatu. Mavuno, kwa lugha ya ofisi, ni wanyama waliowindwa. Neno Tolliver halikuwemo. Neno kituo lilikuwa ukurasa wa mia tatu na sita, mstari wa mwisho: *kitasitisha huduma*.

Orrin alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe, asijue bado ni wapi panapouma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tumekatazwa kuzungumza na kamishna kuhusu jambo lililo mezani. Barua tumepewa wote."

"Na wewe ulitii?"

"Nina mtoto, Kamishna. Na nilijua unasoma. Kila mtu anajua wewe unasoma."

Ilibaki njia moja. Kanuni zinaruhusu uamuzi urudiwe siku hiyohiyo, ikiwa anayeomba alikuwa upande ulioshinda. Upande ulioshinda! Yeye ndiye aliyekuwa kichwa chake. Aliporudi ukumbini alinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajaketi vizuri.

"Natoa hoja tuurudie uamuzi wa asubuhi, namba kumi na nne. Nilikosea. Sikujua kilichomo."

Minong'ono ikapita. Bi. Vandermolen akavua miwani. "Hoja yako ni halali, Kamishna Haugstad, na nakushukuru kwa ukweli wako. Kuna anayeiunga mkono?"

Alihitaji mtu mmoja. Hakuhitaji kura yake wala hotuba, neno moja tu ili watu wazungumze. Aligeuka kwa Garrity. Garrity alikuwa akifungua na kufunga kalamu yake.

"Lyle."

Kalamu ikafunguka, ikafungwa.

"Kuna anayeunga mkono?" aliuliza mwenyekiti mara ya pili. Alisubiri kwa heshima zote. "Hoja imekufa kwa kukosa wa kuiunga mkono. Tuendelee na samaki."

Garrity alimfuata kwenye maegesho jioni. "Usinikasirikie, bwana. Wewe ulitoa, mimi nikaunga mkono, mbele ya waandishi. Ningesimama mchana niseme sote wawili hatusomi?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo."

"Tungeaibika."

"Tumeaibika, Lyle. Tofauti ni kwamba kibanda hakipo."

Garrity alitaka kushika bega lake. Orrin alikwisha funga mlango wa pikapu.

Msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, alikwenda njia panda kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna aliyemtuma. Mlango ulikuwa na kufuli, bomba la jiko limeng'olewa, na ubaoni pamebandikwa namba ya simu. Watu walisimama hata hivyo, miguu imezoea. Wengine walisoma, wakatukana, wakaondoka. Arlys Tveit alishuka kwenye gari lake, nyuma kulungu dume amelala, theluji ikiyeyuka pembeni mwa ulimi wake.

"Nani kafunga?" aliuliza, ingawa habari zilikwisha fika.

"Mimi."

"Wanasema walikuficha."

"Waliandika. Mimi sikusoma. Halafu nikatoa hoja."

Kama Arlys angemtukana ingekuwa nafuu. Alimpa simu yake tu. "Basi piga wewe. Mimi sina miwani."

Orrin akapiga. Sauti ya mashine, changamfu kama ya muuza sabuni, ikamwuliza tarehe, ikamwuliza wilaya. Wakati ikizungumza, mkono wake mwingine ulikwisha penya mdomoni mwa kulungu, kidole kikapapasa meno ya nyuma. Yamelika kwa ndani, la mwisho bado kali. Miaka minne na nusu. Labda mitatu na nusu, kama mwaka wa theluji nyingi alikula magome.

"Kama mnyama wako ni mkubwa," sauti ilisema, "bonyeza moja. Kama ni mdogo, bonyeza mbili."

"Wanauliza nini?" alisema Arlys.

"Umri."

"Waambie basi."

Orrin alifuta kidole kwenye suruali, akabonyeza moja.