Baba Kwenye Mstari wa Kuanzia

Leo baba yangu nusura aanze marathoni ndani ya kituo cha afya, hapa Katesh!

Mkimbiaji mstaafu. Alisinzia kwenye benchi, magoti yamevimba, ukungu wa mlima Hanang umejaa dirishani.

Nesi akaita, "Namba saba!"

Mzee akasimama. Akainama, mguu mmoja mbele, kidole kwenye saa. Anasubiri bastola ilie!

Watu wakacheka. Na mimi pia, jamani.

Nesi akamsogelea taratibu. "Shikamoo baba. Unakimbia?"

"Marahaba. Naiwakilisha Tanzania."

"Una bima ya afya?"

Akautazama ule ukungu, kama anaona wenzake wakipita.

"Sisi tulipewa jezi tu, mwanangu."

Kicheko kikaisha.

Nyie mliokuwa mkimshangilia redioni, bado mpo?