Uzito wa Winchi

Kaka yangu walimwita Winchi, na si kwa utani. Miaka thelathini ghalani alibeba magunia ya kilo mia kana kwamba ni mito. Alipostaafu, wanawe wakaamua kumheshimu, na heshima yao nusura imuue.

Walimnunulia kochi linalommeza mtu hadi mabegani. Akitaka maji, analetewa. Akiinama kuokota kandambili, jitu zima na ndevu zake linaruka: "Baba, pumzika!" Basi akapumzika mwaka mzima, mpaka miguu ikawa vijiti na hawezi tena kuinuka bila kushikwa. Wanawe wakiwa kazini, wa kumpeleka chooni ni mkwe wake. Baba mkwe anashikwa kiunoni na mke wa mwanawe! Aibu hiyo ilimfanya Winchi aache kunywa maji. Hilo hawakuliona, werevu wale.

Wakampeleka kliniki. Mtaalamu wa viungo akasema, "Misuli imekwisha kwa kukaa. Mzee anahitaji uzito." Mwanawe mkubwa, msomi wa familia, hakungoja maelezo. Akarudi na kreti za soda na unga wa uji, sukari ya kutosha ukoo mzima. Baada ya miezi miwili kaka alikuwa na tumbo la mjamzito juu ya miguu ya kuku, na msomi anajisifu: "Si mnaona alivyonawiri?"

Nikaenda kliniki kuuliza mwenyewe. Uzito wa kunyanyua, mpumbavu yule, si wa kujaza tumbo! Ainuke kitini mara kumi asubuhi na kumi jioni, anyanyue chupa za maji, ale mayai na maharage.

Nikahamia kwao, nikamtoa kaka kwenye kochi, nikamweka kwenye kiti cha mbao cha jikoni.

"Shangazi, utamvunja baba," msomi akalalamika.

"Wewe umeshamvunja. Kaa huko."

Siku ya kwanza aliinuka mara mbili, akanitukana mara tano. Nilifurahi, angalau mdomo bado ulikuwa na misuli. Wiki ya tisa, mchana, mkwe akaja na mkono ameunyoosha kama kawaida. Kaka akautazama, akakamata kingo za kiti, akasimama. Akajikokota hadi chooni, akaingia, akafunga komeo.

Tukabaki tunautazama mlango. Alikaa humo nusu saa, na sote tulijua haja yenyewe ilikuwa ya dakika mbili.