Chupa Sita za Kaka

Safari nzima ilitugharimu siku nane za likizo, dola mia tisa na kumi na mbili, na ukucha mmoja wa mguu wa dada yangu, uliong'oka njiani. Nimehesabu mara mbili. Kiangazi cha 2015 nilitoka Buffalo, huku Marekani, nikampitia dada mjini Columbus, tukamchukua kaka yetu mkubwa mjini Louisville, tukaelekea jangwa la Utah. Kanisani walitucheka: "Mlikimbia Kongo kwa miguu, leo mnalipa ili mtembee?" Ndiyo, tulilipa. Safari hii hakuna aliyetufukuza.

Mlinzi wa hifadhi alisema lita nne za maji kwa kila mtu. Nikamwuliza kama tatu hazitoshi. Hakupunguza. Nikagawa chupa sita, jumla lita nne, kwa kila begi, tukaanza kupanda mlima.

Jangwa lile ni janja. Jasho hukauka kabla hujaliona, ukajidanganya kwamba hutoki jasho. Kwetu, milima ya Kivu, ukungu ulitulowesha hadi mifupani. Huku saa tano tu mwamba mwekundu unachoma kiganja. Tulipopumzika nikahesabu chupa za kaka. Sita. Nikarudia. Sita, na vifuniko havijaguswa.

"Nafunga," akasema. "Mtu anapanda mlima kuomba, hanywi hata maji."

"Kaka, huu si mlima wa maombi. Chini kuna maegesho na choo."

"Bon, mlima ni mlima. Bwana Yesu alifunga jangwani siku arobaini."

"Bwana Yesu hakuwa na zamu ya ghala Jumatatu."

Dada alicheka. Kaka hakucheka. Midomo ilishakuwa myeupe, na alikuwa amejikwaa mara mbili pasipo na jiwe.

Nikaketi katikati ya njia. "Sisogei mpaka unywe. Ukianguka, nani atakubeba? Dada huyu anayechechemea?"

"Weye mkaidi!"

"Nilijifunza kwa nani?"

Watu wakatupita wakiomba radhi. Sikusogea. Mwishowe tukapatana: chupa moja, wimbo mmoja wa sifa, sote watatu. Akanywa. Nikadai ya pili. Akadai wimbo wa pili. Chupa nne baadaye sauti zilikuwa zimekwisha, lakini kaka alifika kileleni kwa miguu yake, akaomba kwa kunong'ona.

Wiki hii amepiga simu. Anataka turudi, na safari hii afunge siku tatu. Nitakwenda, simwachi. Ila ninyi wenye kaka wakubwa wasiosikia, nishaurini: nianze kumnywesha tangu Louisville, au nikaketi tena njiani?