Samli ya Kupimia Molekuli

Kila nikisikia harufu ya samli ikiyeyuka, nakumbuka kichupa cha dawa ya kikohozi.

Ng'ombe wa nyanya yangu, ayeyo kwa Kisomali chetu, walikuwa wamekufa kwa ukame njiani kutoka Bura. Samli iliyobaki haikujaza kikombe. Nilimwomba tone moja.

"La nini?"

"Mwalimu wa fizikia atalidondosha juu ya maji, ayeyo. Litatanda hadi liwe jembamba kabisa, ndipo tupate ukubwa wa molekuli, chembe isiyoonekana."

Alicheka. "Wallahi, siku hizi kisichoonekana ni samli yangu." Kisha akanijazia kichupa kizima. "Ukirudi uniambie ukubwa wake."

Darasani tulimimina maji kwenye sinia, tukayanyunyizia unga wa chaki, tukangoja. Akaingia naibu wa mwalimu mkuu. Alisema mwalimu wetu amepanda basi la alfajiri kurudi kwao kwa sababu anaogopa kukaa huku kwenye mashambulizi. Akaamuru maji yarudishwe kwenye jerikeni ya jikoni, pamoja na chaki iliyomo, akafungua kitabu.

"Andikeni: tuliona unga ukisogea pembeni."

"Lakini hatujaona, mwalimu."

"Wewe, mtihani hautakuuliza kama uliona."

Niliandika. Swali la jaribio hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Ila jioni ile, kabla sijafika nyumbani, niliimwaga samli yote mchangani ili nyanya asijue kwamba haikutumika. Aliponiuliza, nikamtajia ukubwa ulioandikwa kitabuni.

"Mashaallah," alisema, akipokea kichupa kitupu. "Kumbe samli yetu bado ina kazi."